Kodi Yangu Iko Kwenye Mabati ya Uani

Jumapili moja ya Aprili 2024 mama mwenye nyumba alinikuta kibarazani nakamua godoro. Ndiyo, nakamua. Sponji ya mdogo wangu ilikuwa imelala usiku kucha chini ya lile doa la darini ambalo mwaka wa kwanza lilikuwa na ukubwa wa sahani, na sasa lilishatosha kuwa ramani ya mkoa. Mvua za masika zile kila aliyekuwa Dar anazikumbuka. Tulikuwa tumepata saa mbili za jua na nilitaka kuzitumia zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Poleni na mvua." Akaliangalia godoro, akaangalia juu kana kwamba paa ni la jirani. "Nimekuja mara moja tu. Mwisho wa mwezi nitaihitaji nyumba yangu. Kijana anaoa."

Nilikuwa nimeshalipa hadi tarehe 30 Juni.

Kwa asiyewahi kupanga Dar, nieleze hesabu ya kuingia ndani ya nyumba, maana mengine yote yanaanzia hapo. Nyumba yangu ya Tabata ilikuwa chumba, sebule, jiko na choo ndani, laki mbili na nusu kwa mwezi. Bei hiyo ndiyo utakayotajiwa, lakini hakuna mtu anayelipa laki mbili na nusu akakabidhiwa ufunguo. Unalipa miezi sita kwa mpigo, yaani milioni moja na nusu. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, ambayo hairudi hata ukihama kesho yake. Ongeza kirikuu cha kuhamishia vitu, kitasa kipya (badilisha kitasa, tafadhali), na ile elfu kumi kumi uliyokuwa ukiwapa madalali wengine wakuzungushe Kijitonyama na Mwananyamala kukuonyesha vyumba visivyo na dirisha. Mtu mwenye mshahara wa kawaida hana milioni mbili zimekaa kabatini. Anakopa kazini, anavunja kibubu, anapokea fedha za upatu kabla ya zamu yake. Halafu baada ya miezi sita anaanza upya.

Nimeishi na hesabu hiyo zaidi ya miaka kumi nikiiita kodi. Siku ile ya godoro ndipo niliiona kwa jina lake halisi. Kodi ya miezi sita ni mkopo. Mimi nilikuwa nimemkopesha mama milioni moja na nusu bila riba, na kila mwezi nilikuwa namkata laki mbili na nusu kwa kulala kwake. Benki ikimkopesha mtu kiasi hicho inataka kitambulisho, dhamana, wadhamini na sahihi kila ukurasa. Mimi nilikuwa na nini? Karatasi moja ya mkataba ya kununua stationery, ile ya kujaza kwenye nukta nukta, iliyoandikwa Januari 2020 na kuisha Desemba ya mwaka huohuo. Tangu hapo tulikuwa tunaendelea kwa mazoea. Fedha nilikuwa nampelekea mkononi, anazihesabu mara mbili, ananiandika kwenye daftari lake la kaunta, ninaweka sahihi, na daftari linarudi chini ya godoro lake, ambalo nadhani lilikuwa kavu.

Sitaki nimchore kama shetani. Mama huyu ni mjane, nyumba aliijenga na marehemu mume wake chumba kimoja kimoja, na hivyo ndivyo sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilivyojengwa. Jiji la watu zaidi ya milioni tano na laki tatu kwa sensa ya 2022 halikujengwa kwa mikopo ya benki. Sheria ya kuwezesha mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, lakini sijawahi kukutana mtaani kwetu na mtu aliyeezeka kwa mkopo huo. Watu wanaezeka kwa kodi za wapangaji. Mpangaji wa chumba cha mbele anajenga cha nyuma, wa cha nyuma anajenga fremu ya duka. Mwenye nyumba akikuomba miezi sita, au mwaka, mara nyingi fundi ameshapiga hesabu ya mabati na anasubiri uingie tu.

Ya kwangu ilikuwa imekwenda uani. Tangu Februari nilikuwa nayaona yale mabati mapya yaking'aa juu ya vyumba viwili vya kijana, nikifua nayaona, nikianika nayaona. Sikuwahi kuunganisha. Kodi yangu ilikuwa imeezeka vizuri kabisa, mita kumi kutoka kitanda changu, na haikuvuja hata tone.

Baba yangu mdogo aliyepanga Ilala miaka ya themanini alinicheka nilipompigia simu. Kwao kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984, na mabaraza ya nyumba ambako mpangaji alikwenda kumshtaki mwenye nyumba aliyepandisha kodi ovyo au kumtoa bila sababu. "Siku hizi nyie mnaishi kwa huruma," akasema. Sheria hiyo ilifutwa 2005. Ilikuwa na matatizo yake, wenye nyumba walilalamika kwamba kodi iliyopangwa haitoshi hata kupaka chokaa, na sina hamu ya kuililia. Ila ilipoondoka, hakuna sheria mahsusi ya upangaji wa nyumba za kuishi iliyokuja kukaa mahali pake. William Lukuvi alipokuwa Waziri wa Ardhi alizungumza hadharani zaidi ya mara moja juu ya hii kodi ya miezi sita na mwaka, na juu ya madalali, tukapiga makofi majumbani. Hadi siku ile ya godoro nilikuwa nimehama mara mbili tangu wakati huo na mara zote nilitoa miezi sita.

Kwa hiyo niliamini kwamba sina haki yoyote. Hapo nilikosea, na nimekuta wapangaji wengi wanakosea hapohapo.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi ndiye aliyenielekeza kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Hawa si mawakili. Ni watu wa mtaani waliopewa mafunzo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Hawatozi. Yapo pia mashirika ya siku nyingi, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilichoanza 1995, na chama cha wanasheria wanawake TAWLA, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 na kupita mikoani. Lakini wa kata yuko karibu, unamfikia kwa miguu.

Nilimkuta kaka wa makamo ana meza ndogo na mafaili mawili. Aliniacha niongee mpaka nikachoka. Kisha akauliza swali moja: "Uliilipaje hiyo hela?"

Nikaanza kujieleza habari za daftari. Akatikisa kichwa. "Daftari ni la kwake. La kwako liko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka msiba. Januari shangazi yangu alifariki Mbeya, nikasafiri ghafla, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikatuma kodi kwa simu: milioni moja, halafu laki tano jioni yake. Ujumbe ulikuwa bado upo, katikati ya matangazo ya bando na meseji za vikoba. Jina lake kamili, tarehe, saa, kiasi. Kaka akausoma, akaniangalia juu ya miwani. "Hii ndiyo risiti yako. Nenda dukani kwao wakuchapie taarifa ya miamala yenye muhuri. Shangazi yako amekusaidia."

Alinieleza Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa namna ambayo sijasahau. Mkataba wa maandishi ukiisha, ukaendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba naye akaendelea kupokea kodi, hugeuki mvamizi. Unakuwa mpangaji wa kipindi, na anayetaka kuuvunja upangaji huo atoe notisi isiyopungua kipindi chenyewe. Sheria hiyohiyo inambebesha mwenye nyumba ahadi ambazo hata kama karatasi ya stationery haikuzitaja, zimo: akuache ukae kwa utulivu, nyumba iwe inafaa binadamu kuishi, na kama umepanga sehemu tu ya jengo, paa na kuta kuu na mifereji mikubwa ni juu yake kuvitunza. Nilimwambia arudie hilo la paa. Akarudia.

"Na akija kung'oa mlango?" Mtaani kwetu imetokea: mpangaji amechelewa kodi, mwenye nyumba anakuja na fundi, wanaondoka na mlango au bati mbili za juu, unalala unaangalia nyota.

"Huko ni kukuvurugia utulivu. Piga picha, ita mjumbe, kaandikishe. Usigombane naye, wewe ni mwanamke unakaa na mtoto wa shule."

Mdogo wangu ana miaka ishirini na mbili, lakini sikumsahihisha.

Nikaanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji alituita, akazungumza nasi kwa upole, akasema sisi ni mama na mwana, tuyamalize nyumbani. Mama akaondoka na msimamo wake, mimi na wangu. Tukapandishwa Baraza la Kata.

Hapa kuna jambo la kujua. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linaamua migogoro ya ardhi na kutoa hukumu. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake imebaki kusuluhisha. Mkishindwa kuelewana linakupa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, nawe unaichukua kwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ndiko kuna meno. Likichelewa zaidi ya siku thelathini bila kusuluhisha, unaweza kusonga mbele. Wakili haruhusiwi kusimama pale kwenye kata. Wanakaa wasuluhishi watatu, na lazima mmoja awe mwanamke. Siku yetu huyo mmoja alikuwa bibi mwenye kilemba cha kitenge na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, kama mwalimu. Tulisubiri kwenye viti vya plastiki wakati majirani wawili wanagombania mfereji wa maji machafu kwa sauti ambayo hata feni ilinyamaza.

Zamu yetu ilipofika kijana wa mama ndiye aliyeongea zaidi. Alikuwa amejiandaa. Akasema kodi inahesabiwa kwa mwezi, kwa hiyo notisi ni mwezi, na mama yake amenipa. Mimi nikasema nalipa kwa miezi sita, kwa hiyo kipindi changu ni miezi sita. Tukavutana. Wasuluhishi wawili wanaume wakaanza kuvutana nao.

Bibi akagonga meza kwa kalamu nyekundu. "Kipindi tutakijua baadaye. Mama, hela ya huyu binti ulipokea?"

"Nilipokea."

"Ya mpaka lini?"

"Mwezi wa sita."

"Sasa ukimtoa mwezi huu, ya miezi miwili utamrudishia. Iko wapi?"

Mama alikaa kimya. Akajifunga kanga vizuri. Kisha akasema taratibu, bila aibu, kama mtu anayetoa taarifa: "Imeshaezeka."

Chumba kizima kilicheka, na mimi nilicheka, na mama naye akacheka mwishoni. Baada ya hapo ilichukua dakika ishirini. Tukaandika: nabaki hadi 30 Juni, mama anatengeneza paa la chumba cha kulala ndani ya siku kumi na nne, mimi natoka tarehe hiyo bila kudaiwa notisi nyingine. Sahihi, dole gumba, muhuri. Usiku ule nilipokaa kuisoma tena ile karatasi niliona kwamba nilikuwa nimeshinda kitu nilichokwisha kukinunua Januari. Nilipoteza siku tatu za kazi kukipata. Paa nalo lilitengenezwa, ndiyo. Alikuja fundi na kopo la lami na kipande cha turubai.

Katika miezi ile miwili nilianza kuangalia karatasi zangu zote, na ya kwanza kunikera ilikuwa ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme. Ilianza shilingi elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda kuwa elfu moja mia tano, na kwa ghorofa inahesabiwa kwa kila sakafu. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, hilo halina ubishi, na serikali yenyewe ilisema mpangaji aelewane na mwenye nyumba amrudishie. Lakini anayenunua umeme ni nani? Mwanzo wa mwezi unaweka elfu kumi, unapata uniti pungufu, kwa sababu umeshamlipia mama kodi ya jengo lake. Kiswahili chetu kina neno moja kwa anachodai mwenye nyumba na inachodai serikali, na ukiwa mpangaji Dar unalipa zote kwa mkono mmoja. Nilimpelekea mama hesabu ya mwaka, elfu kumi na nane. Aliitazama, akaniambia, "Mwanangu, wewe umeamua kunifilisi." Sikupata. Sikutegemea kupata, lakini nilitaka aione imeandikwa.

Nilianza kutafuta nyumba mwezi wa tano, na safari hii niliingia sokoni na masharti. Mkataba nakala mbili, mashahidi, kodi kwa simu au benki, picha za kuta na dari kabla sijaingiza kiti, namba ya mita siku ya kukabidhiwa. Na stempu. Ushuru wa stempu wa mkataba wa pango ni asilimia moja ya kodi ya mwaka. Kwa nyumba kama ile yangu ni elfu thelathini. Mkataba usio na stempu ukiupeleka mbele ya hakimu haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru wake ulipwe. Elfu thelathini ni nusu ya nilichowapa madalali kuzunguka tu.

Nyumba ya kwanza iliniponyoka palepale. Baba mwenye nyumba alikuwa mchangamfu, alinikaribisha soda, hadi nilipotaja stempu. "Wewe mwanasheria?" Hapana baba. "Mume wako ni wa TRA, wale wa mamlaka ya mapato?" Sina mume, baba. Hilo la pili naona lilimtisha zaidi. Akasema kuna mtu mwingine ameshatoa nusu.

Nilimwelewa baadaye. Kuna kodi ya zuio ya asilimia kumi kwenye pango, na tangu ule mjadala mkubwa wa 2022, wakati wapangaji wa kawaida tulipoambiwa tuikate sisi na kuipeleka, wenye nyumba wengi wanauangalia mkataba kama barua ya kuitwa polisi. Mwenye nyumba wa pili hakuukataa. Alisema tuandike laki moja, mimi nilipe laki mbili na themanini. Dalali akanikonyeza nikubali. Nilikataa, na si kwa uzalendo. Siku tukikorofishana nitakachoweza kudai kwa karatasi ni laki moja. Ile laki na themanini ya kila mwezi itakuwa imeezeka mahali.

Dalali alinirudisha kituoni akiwa amenuna. "Dada, ukiuliza sana nyumba inakimbia," akaniambia, na kwa kweli alikuwa sahihi. Anayedai haki zake mapema anabaki bila nyumba, na asiyedai anapewa ufunguo. Sijui njia ya kuuzunguka ukweli huo mtu mmoja mmoja. Wanaopanga Shirika la Nyumba la Taifa wana mkataba wa chombo chenye anwani, na zile familia 644 za Magomeni Kota, zilizobomolewa nyumba na baadaye serikali ikawajengea maghorofa, zilipata pa kuanzia kwa sababu zilidai kwa pamoja kwa miaka. Sisi wa vyumba vya uswahilini kila mmoja anagonga geti lake.

Nilipata wiki ya mwisho ya Juni, Kimara, mbali zaidi na ghali zaidi kwa elfu ishirini. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Alisoma masharti yangu yote, akasahihisha herufi mbili, akaongeza sharti lake kwamba nisitwange mchana Jumapili. Miezi mitatu mitatu. Stempu tuligawana. Picha nilizopiga siku ya kwanza ziko sitini na moja, pamoja na moja ya sinki ambayo mdogo wangu anasema ni ya kichaa.

Mwezi wa nane simu iliita, namba ya dalali niliyekuwa nimeisahau. Hakunikumbuka mimi, alikuwa anapitia orodha yake. Kuna nyumba Tabata, akasema, chumba, sebule, jiko, choo ndani, mtaa umetulia, mama mwenye nyumba hana kelele. Laki tatu. Anataka mwaka mzima, anamalizia ujenzi uani. Nikamwuliza alama, akazitaja: duka la mangi, mwembe, geti la kijani. Godoro lilinijia palepale.

Nikamwuliza kama kijana wa mama ameoa.

"Kijana gani, dada?"

Basi nikamwuliza kama paa linavuja.

"Wewe njoo uione kwanza," akasema. "Elfu kumi tu ya usumbufu."